Daladala za Tegeta–Makumbusho: huduma nzuri, lakini honi zimezidi

Watu wakisifia au kuponda daladala huzungumzia siti, vioo, mwendo, na kama konda ana lugha nzuri. Mimi napima kwa masikio, kwa sababu sioni tangu nikiwa mtoto mdogo. Nafundisha Kiswahili katika sekondari moja upande wa Kijitonyama, nakaa Tegeta, jijini Dar es Salaam, na usafiri wangu wa kazini ni daladala za Tegeta Nyuki kwenda Makumbusho. Nimezipanda hadi baadhi ya Kosta, yale mabasi madogo ya njia hii, nazitambua kwa mlio wa mlango wake tu. Leo natoa maoni yangu kuhusu huduma ya njia hii, na sehemu kubwa itakuwa honi, kwani ndizo zinazoniharibia safari ambayo bila hizo ningeisifia kwa kila ninayekutana naye.

Kwanza mazuri, maana yapo na wenyewe wanastahili kuyasikia. Magari ni mengi, asubuhi sikai kituoni muda mrefu. Makonda wengi wa njia hii wana utu. Nikitokea na fimbo yangu nyeupe nasikia, "Mwalimu, huku, siti ya mbele ipo," na mtu ananipa bega lake nilishike. Hilo la bega ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Watu wengi wakitaka kutusaidia hutuvuta mkono, na mtu akikuvuta hujui anakupeleka kwenye ngazi au kwenye mtaro. Ukishika bega au kiwiko chake wewe mwenyewe, mwili wake unakuambia kila kitu: anapopanda, anaposhuka, anapokata kona. Makonda hawa niliwaeleza, wakaelewa, na sasa wanaelekezana wao kwa wao. Chenji nayo wananitajia noti moja moja wanaponipa mkononi: "Hii elfu mbili, hii elfu, na hii mia tano ya sarafu." Sijawahi kudhulumiwa. Kwa upande huo nawapa nyota zote tano, na natamani njia nyingine za Dar zije kujifunza hapa.

Sasa honi.

Zinaanza pale pale Nyuki kabla gari halijasogea hata hatua. Kosta iko kwenye foleni ya kupakia, siti mbili tatu hazijajaa, dereva anapiga honi. Aliye nyuma yake anapiga ya kwake kumhimiza ajaze aondoke. Mpiga debe anagonga bodi. Bajaji inataka kupita katikati yao, nayo inapiga. Huwa najiuliza honi ya mwanzo ilikuwa inamwambia nani. Abiria wa Makumbusho anayeona huitambua gari kwa maandishi na rangi ya mstari wake, na mimi huitambua kwa sauti ya konda akiita "Mwenge, Makumbusho!" Honi haitaji njia. Kazi iliyofanya ni kuifunika sauti ya konda, yaani ile sauti ninayoitafuta ili nisipande gari la kwenda kwingine.

Wapo wanaoamini kwamba asiyeona anazihitaji honi zaidi ya wengine, kwa kuwa zinamjulisha gari lipo. Nimeambiwa hivyo hata na watu wenye nia njema kabisa, kwa hiyo naomba nieleze navyovuka barabara.

Nasimama ukingoni, nasikiliza. Gari linalokuja lina sauti mbili, ya injini na ya matairi yanavyokamata lami. Injini inaniambia ukubwa wa gari, na kama dereva anakanyaga mafuta au ameachia. Matairi yananiambia mwendo na umbali, na lami ikiwa imelowa yanasikika mbali zaidi. Dereva akiniachia njia kwenye kivuko, matairi yananyamaza na injini inabaki ikiunguruma mahali pamoja. Hapo ndipo nainua fimbo na kushuka. Fikiria sasa wa nyuma yake amechoka kusubiri, anakandamiza honi. Kwa sekunde hizo sisikii kitu. Sijui kama lile lililosimama bado limesimama. Sijui kama kuna bodaboda inayotanua pembeni yake. Kwako wewe unayeona ni kama mtu amekufunga kitambaa usoni ukiwa katikati ya Barabara ya Bagamoyo, akakifungua anapotaka yeye.

Isitoshe, honi haisemi inamlenga nani. Naisikia, nasimama, moyo unakwenda mbio, kumbe dereva anamsalimia mwenzake aliye upande wa pili.

Kwa hiyo siombi barabara kimya. Magari kimya yana hatari yake, na sisi tusioona ndio tuliolalamika kwanza magari ya umeme yalipoanza kuenea duniani. Umoja wa Mataifa ukaweka kanuni yake, namba 138, na Ulaya tangu Julai 2021 kila gari jipya la umeme lazima litoe mlio wa kuendelea likiwa katika mwendo wa chini ya kilomita 20 kwa saa, mlio unaopanda na kushuka kadiri gari linavyoongeza au kupunguza mwendo. Angalia walichochagua. Hawakusema madereva wapige honi zaidi. Walitaka gari lenyewe lisikike likija, kwa sababu sauti ya namna hiyo inabeba habari, nayo inatufikia kabla ya hatari.

Turudi kwenye safari. Kutoka Nyuki hadi Africana mambo huwa ya kuvumilika kama foleni haijafunga. Africana ndipo daladala zinapokutana, na kila moja inamfukuzia abiria yule yule. Dereva anachomekea mbele ya mwenzake, mwenzake anashikilia honi kwa hasira, konda anashuka akiita, na abiria aliyekuwa anakuja anasita asijue anaitwa na nani. Tangi Bovu hivyo hivyo. Tukifika Lugalo huwa naumia kwa namna nyingine, kwa sababu kuna hospitali pale. Niliwahi kumuuguza mama yangu katika wodi moja mjini iliyo karibu na barabara, jina sitalitaja, na najua mgonjwa aliyefunguliwa mshono anavyoshtuka usiku. Dereva anayepita akiita abiria kwa honi mbele ya hospitali hamuoni mgonjwa yule. Mimi pia simuoni, lakini najua yupo.

Mwenge, kwenye mataa, ndipo penye honi nisizozielewa kabisa. Taa ni nyekundu, magari yamesimama mistari yote, na bado zinapigwa. Abiria wenzangu hunisimulia: "Mwalimu, mbele hakuna pa kwenda, taa haijaruhusu." Sasa anayepigiwa afanye nini? Mwaka 2020 polisi wa Mumbai, India, walitangaza jaribio lililonifurahisha sana. Walifunga vipima sauti kwenye mataa ya baadhi ya makutano, kelele zikizidi desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) taa nyekundu inaanza kuhesabu upya. Ukipiga honi zaidi, unasubiri zaidi. Ningependa kukaa siti ya mbele siku mtambo kama huo utakapofungwa Mwenge.

Lakini kinachonifanya niandike ni honi za upepo. Baadhi ya Kosta za njia hii, si zote, zimefungwa honi za aina ile ya malori na mabasi ya mikoani. Mimi huzijua kabla hazijalia, kwa sababu siti yangu ni ya mbele na nasikia upepo ukijazwa, mlio mwembamba chini ya miguu, kisha kimya kifupi. Halafu inapigwa. Haiingii kwa masikio peke yake. Chuma cha siti kinatetemeka mgongoni, kioo cha pembeni kinalia, na inapokatika masikio yanabaki na mluzi ambao hauishi upesi. Asubuhi moja dada aliyekaa kando yangu alikuwa na mtoto mchanga wa kupeleka kliniki. Mtoto alikuwa amelala, nasikia pumzi zake. Honi ilipopigwa hakulia mara moja. Alikakamaa kwanza, mkono wake mdogo ukanipiga begani, kisha ndiyo kilio kikatoka. Mama yake akasema kwa upole, "Kaka, huyu ana wiki chache tu, nakuomba." Dereva hakujibu. Konda akasema, "Vumilia dada, tunatafuta abiria." Abiria wengine wakaguna, wakanyamaza.

Honi ile imetengenezewa lori linaloshuka mlima na mzigo, isikiwe na mtu aliye mbali kabisa mbele. Kuifunga kwenye Kosta inayosimama kila kituo, umbali wa hatua mbili kutoka kwenye sikio la muuza maji, ni jambo lisilo na sababu yoyote ya usalama. Honi iliyokuja na gari kutoka kiwandani inatosha.

Tuzungumze kidogo habari ya masikio, maana wanaoumia zaidi ni wao wenyewe. Desibeli hazipandi kama shilingi. Kila desibeli 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti inakuwa mara kumi. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wanapendekeza mtu asikae kwenye sauti ya desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda huo unakatwa nusu. Ukipiga hesabu hadi desibeli 100, unabaki na dakika 15. Honi ya kawaida ya gari ukiwa karibu nayo inaweza kupita hapo. Mpiga debe wa Nyuki anashinda pale kutwa. Konda naye ananing'inia mlangoni. Trafiki wa Mwenge anasimama katikati ya makutano. Nawasikia wanavyozungumza kwa kupaza sauti hata wakiwa wamekaa kwenye benchi kando ya mama wa chai, na "unasema?" zao zinavyoongezeka. Sikio likishaharibiwa kwa kelele halirudi. Mimi nimeishi maisha yangu yote kwa kutegemea masikio, na kuona kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani akiyapoteza yake kwa ajili ya abiria wawili kunanisikitisha sana.

Nimezungumza na madereva, na sitaki kuwabebesha lawama yote. Dereva wa daladala anatakiwa apeleke hesabu, yaani fedha waliyokubaliana, kwa mwenye gari kila siku. Mafuta yanatoka humo humo, konda analipwa humo humo, na kinachobaki ndicho anachokula. Abiria mmoja aliyepandia gari la mwenzake Africana ni chakula kilichopungua nyumbani kwake. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kuhusu ustaarabu wa barabarani anakusikiliza kwa adabu, kisha anaondoka akipiga honi. Madereva wenyewe walishalisema. Katika mgomo wao wa Aprili 2015, moja ya madai yao ilikuwa mikataba ya ajira. Naamini mshahara unaoeleweka ungezima honi nyingi kuliko faini.

Ushahidi ninao jijini humu humu. Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016 kati ya Kimara na katikati ya jiji, na nikienda upande ule naona tofauti. Nauli inalipwa kituoni kabla ya kupanda, basi lina njia yake, dereva hana sababu ya kumfukuzia mtu. Honi nimeisikia hasa pale mtu au pikipiki inapokatiza kwenye njia ya basi, yaani kwa kazi yake halisi. Hapo hakuna kilichobadilika katika tabia ya Mtanzania. Kilichobadilika ni namna dereva anavyopata riziki.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba madereva wetu hawawezi kabisa, kwa sababu yupo mzee mmoja njia hii hii, analeta hesabu kama wenzake, na gari lake ninaliombea likute zamu yangu. Kosta yake ni ya zamani, mlango unakwaruza. Konda wake anaita kwa mdomo, mara moja ndefu na mara moja fupi, kisha anatulia ili watu wamsikie. Mzee anaachia mafuta mapema, anapunguza gia kabla ya kituo, breki hazipigi kelele, na sisi wa mbele hatusukumwi kwenye dashibodi. Nikamuuliza siku moja, "Mzee wangu, mbona wewe husikiki?" Akacheka. "Mwalimu, honi haisogezi gari la mbele. Nikiacha nafasi, nina muda wa kufikiri. Nikimbana mtu ndiyo lazima nimpigie."

Siku nyingine nikiwa naye, karibu na Tangi Bovu, alipiga honi. Mara mbili, fupi, hafifu. Gari zima likanyamaza. Nikasikia abiria wa nyuma wanainuka kuangalia nje, na mama mmoja akasema, "Jamani, mtoto!" Kulikuwa na mwanafunzi amekimbilia barabarani kufuata kitu chake, akasikia, akarudi pembeni. Honi ile ilifanya kazi kwa sababu haikuwa imetumika safari nzima. Mtoto wa mjini ambaye amesikia honi tangu anatoka kwao hageuki tena kwa honi ya kawaida, na hilo ndilo linalonitisha kuliko mluzi wa masikioni.

Mkataba wa Kimataifa wa Vienna kuhusu usafiri wa barabarani, wa mwaka 1968, unasema jambo hili hili: honi ni ya kutoa tahadhari ili kuepusha ajali, na nje ya maeneo ya makazi inaweza kutumika kumjulisha dereva unayetaka kumpita, wala mlio wake usirefushwe kuliko inavyohitajika. Uingereza mwongozo wao wa madereva unakataza honi gari likiwa limesimama, na katika maeneo ya makazi kati ya saa 5:30 usiku na saa 1 asubuhi, isipokuwa mwingine anapokuhatarisha. Wapo watakaosema hizo ni nchi za wenzetu, zina barabara pana. Kathmandu, mji mkuu wa Nepal, una barabara nyembamba, pikipiki tele na mabasi madogo yaliyojaa kama yetu, na Aprili 2017 ulipiga marufuku honi zisizo za lazima. Magari ya wagonjwa, zimamoto na polisi yaliachwa nje ya katazo hilo.

Mimi sisubiri katazo. Naomba viongozi wa madereva wa njia yetu waanze na mambo mawili, yote hayagharimu shilingi. Pale Nyuki, gari lililo kwenye foleni ya kupakia lisipige honi kabisa, konda aite kwa mdomo. Na kutoka geti la kwanza la Lugalo hadi tuipite hospitali, mkono uwe mbali na honi mpaka maisha ya mtu yawe hatarini. Honi za upepo ziondolewe na wenye magari, kwani wao ndio waliozinunua. Sisi abiria nasi tuna sehemu yetu. Siku ile ya mtoto mchanga tuliguna tukanyamaza. Kosta ina abiria wengi kuliko madereva, na dereva anayeambiwa na gari zima, kwa heshima, "Kaka, honi imetosha," ataisikia kuliko akiambiwa na mama mmoja.

Kama hujawahi kutumia njia hii, itumie. Kwa utu wa makonda nimeshatoa nyota tano. Kwa uhakika wa usafiri natoa nne, kwa sababu jioni kurudi Tegeta ni kugombania. Kwa honi natoa moja, na hiyo moja ni ya yule mzee. Kwa wenzangu tusioona: siti ya nyuma ya dereva ina nafuu kuliko ya pembeni ya mlango, kelele za nje zinapungua kidogo na konda bado anakusikia. Ukihitaji kuvushwa Makumbusho, mwambie konda mapema, kabla hamjaingia Mwenge, ajipange. Pale mlangoni atakuwa anaita abiria wapya, na honi za nyuma zitakuwa zimeshaanza.